Evarist Alivyoishi Dar es Salaam Bila Kutoka Nachingwea

Mdogo wangu Evarist aliishi Dar es Salaam karibu mwezi mzima bila kutoka Nachingwea. Nitaeleza, na anayetaka kucheka acheke, maana hata mimi nilicheka sana mpaka siku kicheko kiliponikauka.

Evarist ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho, zile za kubeba mgongoni. Mwezi wa sita ukiingia, wakulima wakianza kutafuta salfa, dawa ya mikorosho, banda lake pale karibu na soko linajaa mashine zilizogoma kuwaka. Watu wanatoka Mkotokuyana, wanatoka Kilimarondo, wengine wanatoka mpaka Ruangwa na mashine imefungwa nyuma ya pikipiki. Msimu ukipita, bandani wanabaki kuku wangu tu wakichakura kwenye mafuta machafu. Ndiyo kazi ya huku. Leo unakula kama bwana harusi, kesho unakunywa chai ya rangi na kujifanya ndiyo unayoipenda.

Sasa mwaka huu akapigiwa simu na kampuni moja ya jenereta huko Dar. Mkataba wa mwaka mmoja, laki saba kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mkataba wenyewe ukaja kwenye simu, na akaambiwa ausaini kabla mwezi haujaisha.

Nyumba ikashikwa na homa. Prisca, mkewe, alizitaka hizo laki saba na mume alimtaka vilevile, wala hakuona kwa nini asipate vyote viwili. Mimi, dada mtu, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki, nilitaka abaki, na nililisema mbele ya kila mtu. Mume wangu alishanifia, nina watoto watatu, na Evarist ndiye mwanamume pekee wa tumbo letu. Nikasema Dar itazitafuna hizo laki saba kabla hajazishika mkononi. Prisca akanijibu, "Wifi, Dar yenyewe umefika mara moja, tena ulikwenda kulazwa." Tukanuniana. Nina hasira za karibu, sifichi.

Aliyekuja kutuharibia kabisa ni Ismaily. Ismaily ni Myao na sisi ni Wamwera, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani huingia jikoni kwako bila hodi, akafunua sufuria, akala nyama, kisha akakusema kwamba hujui kupika, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Huyu aliwahi kukaa Dar miaka mingi, akiwa dalali wa vyumba, akarudi na bajaji moja na maneno mengi.

"Mnagombana bure," akatuambia. "Kwaya yenu ikitaka kuimba Pasaka si inafanya mazoezi? Basi na ninyi fanyeni mazoezi ya Dar. Huyu akae hapa hapa kama yuko mjini. Alipe kama Dar, ale kama Dar, achelewe kama Dar. Tutaona mfukoni kunabaki nini."

Wazo halikuwa baya. Kosa letu ni kwamba tulikubali yeye ndiye awe Dar es Salaam. Watu wenye akili timamu wangemchagua katekista, au mwalimu yeyote. Sisi tulikwenda kumpa mji mzima mtu ambaye mila zetu zinatukataza kumkatalia.

Kesho yake asubuhi alimchukua Evarist akamzungusha nyuma ya nyumba ya Evarist, akamwonyesha chumba cha uani tunachowekea magunia ya makopa, mihogo mikavu.

"Chumba safi, bro. Kina hewa, barabara hii hapa. Kuna watu wengine wanakitaka, nakuonea huruma tu."

"Ismaily, hiki chumba nimekijenga mimi."

"Maneno ya wapangaji hayo. Unalipa hulipi?"

Akalipa. Kwanza hela ya dalali, ambayo mtani aliila mchana ule ule na hatukuwa na la kusema. Halafu Ismaily akageuza kofia, ukingo ukakaa nyuma, akawa baba mwenye nyumba na kudai kodi ya miezi sita. Hiyo ilikwenda kwenye kopo la akiba la Prisca, pamoja na hela ya umeme, ya taka na ya mlinzi. Mlinzi alikuwa mbwa wetu.

Maji akawa ananunua kwa ndoo kutoka kwenye bomba lake mwenyewe. Chakula alinunua kwa mkewe, sahani kwa sahani, na Prisca alijifunza upesi kupunguza nyama. Asubuhi moja nilimkuta amesimama nje ya bafu, taulo begani, mswaki mdomoni.

"Unangoja nini?"

"Kuna mpangaji ndani."

Bafuni hamkuwa na mtu. Lakini kila alipogonga, sauti ya kike ilitoka nyuma ya ukuta, "Jamani, najipaka sabuni!" Alikuwa Ismaily, amechuchumaa kwenye migomba. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na mdogo wangu akaenda kazini bila kuoga.

Kwenda kazini nako kulikuwa na mambo yake. Kutoka nyumbani mpaka bandani hata chai haipoi. Ismaily akasema haiwezekani, huko kuna foleni. Kwa hiyo giza bado nene Evarist alipanda bajaji, ikasogea kidogo tu, ikazimwa mbele ya banda, na hapo akakaa mpaka jua lipande. Wateja wanafika na mashine zao, wanamwona yule pale ndani ya bajaji, wanamwita. Hajibu. Mzee Fortunatus wa Ruangwa akaenda kuinamisha kichwa dirishani.

"Fundi, si wewe huyu?"

"Mzee wangu, niko kwenye foleni ya Tazara," Evarist akamjibu kwa heshima. "Haijasogea tangu alfajiri."

Mzee Fortunatus akamtazama, akamtazama na Ismaily aliyekuwa akipiga honi peke yake, akafunga mashine yake kwenye pikipiki na kuipeleka kwa fundi mwingine. Mji wote ukajua. Watu walianza kupita makusudi jioni kumuuliza habari za Dar, na yeye anawajibu: joto kali, maisha magumu, lakini tunapambana.

Cha kushangaza, alianza kuyaweza. Hilo ndilo tusilolitegemea. Aliacha sukari. Aliacha vocha. Alijifunza kula mara moja kwa siku na kulala mapema ili njaa isimkute macho. Alinunua kufuli, akawa anakifunga chumba cha makopa kila akitoka, mchana kweupe, kwenye kiwanja alichotuachia mama yetu. Akikutana nami bombani ananisalimu kama mtu wa mtaa wa pili. Jioni anapiga hesabu zake, na kila wiki kinabaki kitu kidogo. Prisca akaanza kutabasamu. Mimi ndipo nilipoacha kucheka, maana niliona mjomba wa wanangu hawa tunampoteza, na hata basi hajapanda.

Nimesema mjomba wa wanangu, niseme vizuri. Kwetu mjomba si ndugu wa mama tu. Baba anakulea, anakulisha, Mungu ambariki. Lakini wewe ni wa mjomba. Ukiumwa anaitwa yeye, ukiposwa anakaa mbele yeye. Naye akifa, katika ukoo wetu mpwa wake wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza, na wengine wote husubiri. 

Na mjomba wetu, mjomba Amedeus wa Lionja, akafa. Simu ilikuja asubuhi wiki ile ambayo mkataba ulitakiwa kusainiwa. Mpwa wa kiume alikuwa naye mmoja tu.

Nilikimbilia chumba cha uani nikagonga. Evarist alifungua mlango, akakaa kitandani. Alikuwa ameshasikia, analia, lakini viatu hajavaa.

"Inuka twende."

"Dada, nimeusoma mkataba. Ruhusa ya msiba ni ya mke, mtoto, baba au mama. Mjomba hayumo."

"Uko Nachingwea, wewe! Lionja ni hapo!"

"Najua niko wapi," akasema. "Lakini nikienda leo, nimejifunza nini? Mwakani akifa mwingine nami niko kule kweli, itakuwaje? Nataka nijue leo kama naweza kubaki."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Prisca alisimama mlangoni amejifunga kanga. Mwisho mimi, Prisca na watoto tukaondoka tumemwacha, tumepanda bajaji ya Ismaily, kwa sababu watani wana kazi kwenye misiba yetu na Ismaily hakosi. Njiani uchungu ulinipanda mpaka nikapiga kelele, "Hata Dar es Salaam yenyewe inakwenda kuzika, halafu mpangaji wake amebaki chumbani!" Ismaily hakucheka. Aliendesha tu.

Siku ya maziko, jeneza lilipotoka ndani, lilikuta njia imezibwa. Ismaily alikuwa amelala chali katikati ya njia, amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai ugoro. Waombolezaji wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, kama ilivyo desturi. Wakamtupia sarafu ili apishe. Akazirudisha. Wakamtupia noti. Akazirudisha pia, na hapo kicheko kikapungua, kwa sababu mtani kukataa hela hakuna aliyewahi kuona.

"Sitaki hela," akasema. "Nataka mpwa. Siwezi kwenda shimoni kwa mkono wa watu baki."

"Mpwa yuko Dar," mtu mmoja akajibu, wala hakutania.

"Dar ni mimi! Mpigieni, mwambieni nimempa ruhusa."

Nikapiga. Evarist akapokea haraka, alikuwa ameishika simu mkononi. Nikamwambia ruhusa imetoka. Akauliza kama atakatwa mshahara.

Nilimpa Ismaily simu. Akainuka akakaa pale pale vumbini, kofia ya mjomba imemziba macho.

"Mtani," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Umefukuzwa kazi. Njoo tuzike."

Jeneza likawekwa juu ya viti. Katekista akafunga kitabu chake, akasogea kivulini. Hakuna aliyelalamika, ingawa jua lilikuwa kali na wengine walikuwa wametembea kutoka mbali. Mwishowe pikipiki ikatokea, na Evarist nyuma yake, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole. Ismaily akamsogelea, akamwuliza kwa ukali, "Foleni ilikuwaje?" Watu wote waliangua kicheko, na Evarist naye akacheka, akacheka mpaka shimoni. Akainama kuchukua udongo. Akautupa wa kwanza, na mimi nikamshika mgongoni kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa anajifunza kutembea.

Jioni tulikuwa bado Lionja, watu wanakula, simu yake ikalia. Spika ya sikioni ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo sote tulimsikia dada wa ofisini akiuliza vipi kuhusu mkataba, maana kesho ndiyo mwisho. Prisca aliacha kutafuna.

"Nitasaini," Evarist akasema, "ila kuna neno moja liongezwe. Kwenye ruhusa ya msiba. Andikeni na mjomba."

Yule dada akacheka, si kwa ubaya. "Kaka Evarist, kwani una wajomba wangapi?"

"Alikuwa mmoja. Tumemzika leo."

"Ooh. Pole sana, kaka. Lakini sasa si haina haja tena? Mjomba mwenyewe ndiyo huyo ameshatangulia."

Prisca alikuwa analia kimyakimya. Naamini nusu ya machozi ilikuwa ya laki saba, na simlaumu, nyumba ile ina mahitaji. Evarist hakumtazama yeye wala mimi. Alikuwa anawatazama wanangu, waliokaa ukutani na sahani yao moja, wamechoka kwa jua.

"Haja ipo, dada yangu," akasema. "Kuanzia leo mjomba ni mimi. Na wapwa wenyewe wako huku."