Kisiki cha Kambare wa Baba

Harufu ya utotoni isiyonitoka puani ni ya mti unaochemshwa. Si mti wa dawa. Ni kisiki kilichosombwa na maji, baba alichokiokota baada ya mvua kubwa kwenye kijito kilichopita chini ya bustani aliyoitunza huko Loresho. Tuliishi kwenye kota ya wafanyakazi, nyuma ya nyumba kubwa. Alikitia kwenye sufuria ya ugali wa wageni, akakikandamiza kwa jiwe kisielee, akakichemsha Jumamosi nzima. Mama alisema nyumba yetu ndiyo pekee Nairobi iliyopika kuni badala ya kupikia kuni.

Kisiki kilikuwa cha samaki. Wapangaji wa nyumba kubwa walipohama walimwachia baba tangi la vioo lenye kambare wawili wadogo, wale wa kukaa chini kabisa. Kwetu magharibi kambare ni kitoweo, na kila jirani aliyeingia aliuliza tutawala lini. Baba hakuchoka kueleza kwamba hawa ni wa kutazamwa, kwamba mchana hujificha, na wasipopata pa kujificha hukosa raha mpaka wakafa. Kisiki kilikaa majuma mengi kwenye ndoo ndipo kikakubali kuzama. Siku kilipoingia tangini walijipenyeza chini yake, wakaanza kukikwangua kwa midomo. Maji yaligeuka rangi ya chai isiyo na maziwa, na baba akasema rangi hiyo ndiyo dawa yao. Nilikuwa na miaka tisa. Jioni tulikaa sakafuni sisi wawili tukisubiri mkia utokeze. Nilikuwa na furaha, na nalisema hilo waziwazi kwa sababu kwa yaliyofuata sikuhisi chochote.

Mvua iliyofuata baba aliugua kifua. Asubuhi alipopelekwa hospitali aliniita mlangoni.

"Samaki nimekuachia wewe," akasema. "Mtu asibadilishe maji yote. Na hiyo mti isitoke."

Siku ya nne akafariki.

Sikulia. Nyumba ilijaa watu, viti vikatolewa nje, mama akalala akitazama ukuta. Dada yake baba, Shangazi Rael, alikuja kutoka Kangemi akashika kazi zote. Akina mama wa kanisa walitarajiwa saa tisa, kwa hiyo alisafisha kila kitu, na mwishowe akafika kwenye tangi.

"Hii maji imeoza," alisema. "Watu wa kanisa watatuona aje?"

Nilikuwa nimesimama kando yake nimeshika tambara. Nilijua la kusema, na lilikuwa neno moja tu. Lakini mtoto hamkosoi shangazi yake mbele ya wageni, na isitoshe ndani yangu hapakuwa na kitu. Nilimshikia ndoo. Alimwaga maji yote, akasugua vioo kwa sabuni, akajaza maji ya mfereji. Kisiki alikitupa nje, na wanaume waliokuwa wakichemsha chai ya waombolezaji wakakisukumia motoni. Kilikuwa kimelowa, kikafuka moshi hadi wakakohoa. Chai ikanuka moshi. Niliinywa, nikaomba kikombe cha pili.

Kambare walijibana kwenye pembe ya tangi, wakapauka. Tulipoondoka na jeneza kwenda magharibi walikuwa wamekwisha kufa. Shangazi alinishika bega akasema walikuwa wamezeeka.

Sasa naishi Kilimani, ghorofa ya tano, nami nina tangi. Visiki vinauzwa madukani vikiwa tayari, lakini mimi huokota vyangu na kuvichemsha kwa sufuria Jumamosi nzima. Mwezi uliopita shangazi alikuja kukaa kwangu ili awe karibu na kliniki yake. Amezeeka, hawakumbuki samaki wa baba, na sijawahi kumkumbusha. Asubuhi ya pili nilimkuta mbele ya tangi, amekunja mikono ya gauni, ndoo iko miguuni pake.

"Nekesa, hii maji yako imechafuka. Ngoja nikusaidie."

"Acha, shangazi. Iko sawa."

Akaacha. Hakuuliza hata sababu. Aliisogeza ndoo kando, akaketi, akauliza kama kuna chai. Nilikwenda jikoni kumpikia. Maji yalichemka mpaka yakakaribia kukauka, nami nimesimama pale pale, namlilia baba kwa mara ya kwanza.