Jimbo la Mama

Mkutano mmoja wa mtaa, huku kwetu Mutuka, ulinikatisha tamaa na kitu kinachoitwa maoni ya wananchi. Wageni wa tume ya kukusanya maoni walikuja kuuliza kama nchi iwe na serikali za majimbo, kila upande ujiamulie mambo yake. Mimi nina mwandiko mzuri, basi nikapewa kazi ya kujaza fomu: umri, jinsia, maoni.

Wazee wa kiume walianza, maana hapa kwetu kikao hufunguliwa na mvi zilizovaa suruali. Walisema majimbo yatatugawa, Wambulu kivyao, Wabarbaig kivyao. Vijana wakajibu kwamba tumeshagawanywa zamani, wenzetu wana lami sisi tuna vumbi, na kodi ya mazao yetu ibaki hapa hapa. Walibishana saa nzima. Niliandika yote, hata matusi niliyalainisha yakafaa kuandikwa.

Kina mama walikuwa nyuma, kwenye nyasi. Waliulizwa mwishoni, watu wakishaanza kujikung'uta, na karibu wote wakasema ni kama walivyosema wenzao. Mama yangu peke yake alisimama. Kazaliwa milimani Mbulu, Kiswahili kakijulia kanisani, na kwake yeye jimbo ni la askofu, halina maana nyingine. Alisema anataka jimbo. Alisema binti yake mkubwa aliposhikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa masika, gari la wagonjwa lilipigiwa simu halikuja. Lililokuja ni gari la jimbo, la padri, likasukumwa kwenye tope mpaka hospitali, na binti akafia kitandani, si njiani.

Watu walicheka. Kijana mmoja akasema, "Bibi, hatuongelei misa hapa."

Nami, naona aibu kusema, nilitabasamu. Nikaandika: mwanamke, miaka sabini na miwili, hakuelewa swali. Nilikuwa nimechoka na nafasi kwenye fomu ilikuwa finyu. Sina sababu nyingine, na hizo zenyewe hazinisaidii kulala. Sisi tuligombana saa nzima nani atutawale, yeye akatuambia nani alikuja alipoitwa.

Utaratibu wetu ni yaliyoandikwa kusomwa mbele ya wote kabla ya kufunga. Nilisoma. Nilipofika kwake nilitaka kuruka mstari, lakini wageni walikuwa wakifuatilia kwenye nakala yao ya kaboni, nikasoma hivyo hivyo.

Wageni walipokwenda kunywa soda, alinijia mezani. Akaweka kidole juu ya karatasi ambazo hajui kuzisoma.

"Mwanangu, dada yako umemwandika wapi?"

Nilianza kupekua fomu zile mbele yake, moja baada ya nyingine, huku nikijua hayumo.