Sita, Saba, Tisa

Kaka yangu alifundisha Kiebrania na Kiarabu chuoni hadi wanafunzi wake walipokwisha. Miaka ya tisini kila mzazi alitaka mtoto ajue kompyuta. Idara ikafungwa, naye akahamia kwangu Eastlands, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, na maboksi ya vitabu yaliyokula nafasi ya kochi. Majirani walimwita Pasta, hadi mmoja alipomsikia akisoma Kiarabu kwa sauti, akaonya ploti nzima kwamba Pasta amesilimu. Kaka hakumsahihisha mtu.

Mimi niliuza mashati ya mitumba Gikomba. Jioni niliyahesabu sakafuni mara mbili, maana hesabu ya kwanza ni ya matumaini. Yeye alisikiliza akicheka.

"Dada, hadi tano uko kwa nyanya yetu. Sita, saba, umevuka Uarabuni kuazima maneno. Nane umerudi, tisa umeenda tena. Nauli unatoa wapi?"

"Kwa haya mashati unayokataa kukunja."

Ndipo seminari moja ikamwita afundishe Kiebrania kuanzia Januari. Nilimchagulia koti zuri. Akataka kupatana bei, na mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Nikampa bure, kumwaibisha.

Kabla ya Krismasi kiharusi kilimwangusha akinyoa ndevu. Daktari alisema maneno huenda yakarudi; tuanze na mepesi, ahesabu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano," alisema polepole. Kisha mdomo ukabaki wazi. Alinitazama kama mtu aliyeshiba nyama choma soko la Burma, kisha akapapasa mfuko na kukuta pochi haimo. Baadaye sana akasema, "Nane." Kisha, "Kumi."

Nikamwambia arudie. Yaliyokosekana yalikuwa yale yale matatu ya Uarabuni.

Daktari alisema ugonjwa hauchagui hivyo. Labda. Lakini kaka alijua kilichopotea, maana chozi lilimtoka, nami nikajifanya natafuta sindano.

Januari nilikwenda seminari kuomba wamngoje hadi Pasaka. Wakasema mwisho wa mwezi. Nikakubali haraka, kama mgeni asiyejua soko. Mwezi ukaisha, sita haijarudi. Wakaajiri mwingine, kwa upole, wakaniombea dua.

Koti halikutoka msumarini. Jioni tulihesabu mashati pamoja: yeye anasema namba zake, akifika Uarabuni ananitazama, namvusha, anaendelea. Hatukuwa na haraka tena. Mvua za masika zilipoanza tulimzika, na koti lile.

Niliporudi Gikomba, mteja wa kwanza alikuwa kijana aliyetaka mashati ya jumla. Nikamhesabia. Nilipofika tano nikanyamaza, nikingoja kutazamwa.

"Mathe, hapo ni sita," akasema.

"Najua."

Nikayarudisha yote kwenye lundo, nikaanza upya. Akadhani nataka kumpunja.