Maua Meupe Tu

Jana, nikipita kando ya uzio wa ofisi moja mjini Bariadi, nilisikia harufu ya maua ya mtambaa wa asali, nikasimama kama mwizi aliyeitwa kwa jina.

Nilipokuwa mtoto, mtambaa kama huo ulipandwa na masista wa misheni ya kwetu, ukazizunguka nguzo za baraza lao. Sisi watoto tulikata vikonyo vya maua tukanyonya utamu wake. Watu wazima waliyachemsha kwa ajili ya kikohozi. Ua likichanua huwa jeupe, kisha hugeuka manjano. Sista alisema jeupe ndilo lenye nguvu.

Asubuhi moja mdogo wangu alikohoa mpaka akakosa pumzi. Mama akanipa kikapu. “Kimbia. Usichelewe.”

Nilikimbia kweli. Lakini nilipofika nilitaka yote yawe meupe, yasiwe na doa hata moja. Nilichuma, nikatupa, nikachuma tena. Mzee mtunza bustani alicheka: “Wewe binti, unachuma maua au unachagua mchumba?”

“Nachagua, babu,” nikajibu kwa fahari, na jua likazidi kupanda.

Niliporudi, wanawake wa jirani walikuwa wameketi chini uani, miguu wameinyoosha. Ndani, mdogo wangu alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

Mama alipokea kikapu, akayatazama maua kwa muda mrefu.

“Mazuri,” alisema. “Umechagua vizuri, mwanangu.”

Miaka yote nilingoja aniulize kwa nini nilichelewa. Alizikwa bila kuniuliza.