Mkono niliouacha kwenye korona bado unafumba kila saa moja asubuhi

Wakuu, heshima zenu. Hii si chai, na kiki siitafuti. Nachapa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo makosa ya herufi mnivumilie. Wa kulia ulibaki kiwandani.

Mimi Mpare wa Vudee. Nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha mkonge kule tambarare, jina nalihifadhi. Kazi yangu ilikuwa korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge zibaki singa tupu, yaani nyuzi zake.

Korona yetu ilikuwa na leva ya usalama. Ukiishikilia, mashine inazunguka. Ukiiachia, inazima.

Sasa nani atalisha majani kwa mkono mmoja siku nzima? Tukawa tunaifunga kwa singa ibaki chini, tunafanya kazi kwa mikono yote miwili.

Aliyeanzisha ni mimi. Nilitumia fundo la kufungia mbuzi, alilonifundisha baba. Mbuzi akivuta ndiyo linazidi kukaza. Nikawafundisha na wenzangu, nikajiona mjanja kweli.

Siku yangu ilipofika ilikuwa saa moja asubuhi, shifti ndiyo kwanza inaanza. Jani lilinasa glavu. Leva haikuachia. Yaliyofuata siyaandiki.

Nikarudi Vudee kwa mama, mkono umekatwa juu kidogo ya kifundo. Wiki ya pili nikaanza kuhisi kiganja kipo, kimefumba ngumi. Saa moja asubuhi kinakaza kama kinavuta kamba, mpaka natoka jasho na baridi yote ile ya milimani. Shifti ikitoka jioni, kinaachia.

Daktari alisema ubongo haujazoea. Sawa, simbishii. Ila Jumapili, kiwanda kikifungwa, hakikazi.

Sasa niseme ninaloona aibu kulisema. Kwenye fomu ya fidia niliandika leva ilikuwa mbovu. Niliogopa wakijua niliifunga mwenyewe ningekosa kila kitu. Kiwanda kikaweka leva mpya, na nafasi yangu akapewa Elisante, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa kibarua hapohapo kiwandani. Ana mtoto mchanga nyumbani.

Asubuhi moja ngumi ilikaza mpaka nikahisi kucha zinaingia kwenye nyama. Mama akasema, "Mwanangu, huo mkono unakuita." Nikapanda bodaboda nikashuka mpaka kiwandani.

Mlinzi ananijua, akanipitisha. Nikaikuta leva mpya inang'aa, imefungwa singa. Fundo la mbuzi.

"Elisante, nani kakufundisha hili?"

Akacheka. "Si wewe, kaka?"

Nikalikata kwa kisu chake, mashine ikazima. Wakuu, kiganja kikafunguka palepale, kidole kimoja kimoja. Niliogopa kuliko siku niliyoumia.

Siku hiyohiyo nikamtafuta mkaguzi wa usalama kazini, nikamweleza ukweli wote. Faili langu limerudishwa kuchunguzwa upya na huenda nikaambulia patupu. Inauma, sidanganyi. Lakini leva ile imewekewa kizuizi, haifungiki tena, na Elisante ana mikono miwili ya kumbebea mwanawe.

Nilichojifunza: leva ni usumbufu mpaka siku unapoihitaji. Na uongo wa kwenye fomu hauumizi aliyeuandika tu, unamsubiri na anayekuja kukaa kwenye nafasi yake.

Miezi minne nilikaa kwa amani. Nilidhani yameisha.

Jumatatu hii, saa moja asubuhi, kimefumba tena. Nimempigia Elisante. Yuko salama, leva yake iko huru.

Basi ni mashine nyingine. Niliowafundisha wametawanyika, wengine wako kwenye machimbo ya jasi kule Makanya, wengine wanapasua mbao milimani. Namba zao zote sina, ndiyo maana nimeleta uzi huu hapa.

Kama ni wewe unasoma, comment iache kwanza. Nenda kakate hiyo kamba, kisha urudi uniandikie hapa chini. Nitajua kabla hujaandika.