Nyoka Asiye na Kichwa

Dada yangu mkubwa hakuwahi kuipenda kazi yangu. Yeye alikuwa msusi, akiwasuka wateja mlangoni kwake Kambi Muru, Kibera, na mimi nilikuwa msaidizi kwenye jumba la makumbusho, upande wa vyura, mijusi na nyoka. Kutwa nzima niliongeza spiriti kwenye chupa zilizopungua, nikahesabu magamba, nikalinganisha nyoka walioletwa juzi na wale waliokusanywa kabla sijazaliwa. Jioni nilirudi chumbani kwangu Gatina, Kawangware, nikinuka dawa ya kuhifadhia maiti za wanyama, na mama mwenye ploti alifunga dirisha lake kila nilipopita.

"Watu husoma watoke kwa shida," dada alizoea kuniambia mbele ya wateja, "huyu wetu alisoma akaenda kulea nyoka wamekufa." Wateja walicheka. Mimi nilimjibu kwa ukali, kwa sababu sote wawili tulizaliwa na midomo.

Basi Jumamosi moja ya mvua, katika ile miaka ya tisini, jirani yake alinigongea mlango asubuhi, matope yamemfika magotini. Alikuwa ametembea kutoka Kibera.

"Sister yako ameumwa na nyoka. Tumempeleka hosi. Daktari anauliza ilikuwa nyoka gani."

"Na hiyo nyoka iko wapi?"

"Ah, hiyo tulimaliza kabisa. Usijali."

Nilijua "kumaliza" maana yake nini, maana hata kwetu ziwani ndivyo tunavyofanya. Nyoka hapigwi akafa tu. Kichwa kinapondwa kwa jiwe mpaka kichanganyike na udongo, ili kisimuume mtu kikiwa kimekufa, kisha anamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Hakuna aliyefundishwa hivyo shuleni, na hakuna asiyejua.

Nikaenda kwanza Kambi Muru. Maji yalikuwa yakiingia chini ya mlango wa dada, majirani wakanieleza, akapiga magoti akawa anazoa matope kwa mikono ajenge kizuizi. Akashika kitu alichodhani ni kipande cha raba nyeusi. Kikamchoma kidole gumba cha mkono wa kulia. Majirani walikuwa wamesimama hapo wananitazama, wanangoja asante yao.

"Kichwa!" nikawafokea. "Mbona mmeponda kichwa? Nilikuwa nakihitaji!"

Mama mmoja akarudi nyuma. "Kichwa cha nyoka unataka cha nini, msichana? Unaroga?"

Niliingia mtaroni nikaokota kilichobaki, nusu ya mwili iliyoungua upande mmoja, nikaifunga kwenye karatasi ya nailoni.

Hospitalini mkono wa dada ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na gumba limeanza kuwa la bluu. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alisema nami vizuri. Dawa ya sumu ya nyoka alikuwa nayo, lakini ilikuwa dawa ya kuogopewa. Ikimkuta mtu ambaye haimfai inaweza kumziba pumzi.

"Ni bafe?" akaniuliza.

"Si bafe. Bafe magamba yake yanakwaruza, huyu ni laini. Lakini bila kichwa siwezi kuapa ni nani."

"Basi nenda uhakikishe. Siwezi kungoja sana."

Dada alifungua macho. "Hiyo kazi yako," akasema, "leo ifanye."

Gumba lile ndilo lililotulisha. Msusi hubana nywele kwa gumba huku vidole vingine vikizungusha, na kwa gumba hilo alinilipia masomo yote. Nilikwenda mbio nikilia njiani, sikujali nani ananitazama.

Mlinzi wa makumbusho alinifungulia. Niliosha majivu kwa spiriti, nikaweka kile kipande chini ya taa na kuanza kuhesabu mistari ya magamba. Nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Mkia ulikuwa mfupi, na nchani una kijimwiba. Nikatoa chupa baada ya chupa, nikilinganisha, mpaka nikafika kwa nyoka mdogo mweusi aliyefungwa kijikaratasi chenye wino uliofifia: Kibera, ndani ya udongo, baada ya mvua. Alikuwa yule yule. Alikuwa mwenyeji wa pale kabla ya vyumba vyetu vya udongo, na sisi ndio wapangaji.

Nikamfungua kinywa yule wa chupani kwa koleo. Meno yake ya sumu ni marefu na hutokea ubavuni mwa mdomo hata akiwa ameufunga, ndiyo sababu hashikiki. Nilifurahi. Nilicheka peke yangu katikati ya chupa zile, kwa sababu sasa nilikuwa na hakika. Na nilijua pia, kama mkuu wangu alivyotufundisha, kwamba sumu ya nyoka huyu haisikii ile dawa.

Daktari aliponisikiliza alishusha pumzi, akairudisha dawa kwenye friji. Nilimwendea dada uso wangu ungali na ile furaha.

"Umemjua?"

"Nimemjua."

"Dawa yake ni gani?"

Furaha ikaniishia hapo hapo. "Hana dawa, dada. Ni kungoja tu."

"Miaka yote mnamweka kwa chupa," akasema, "na hamna dawa." Akageukia ukuta.

Gumba lilikatwa. Alijaribu kusuka tena, na wateja walimvumilia kwa huruma, wakaondoka na mistari iliyopinda, hawakurudi. Akahamia Kisumu Ndogo, humo humo Kibera, kuuza omena, dagaa wa kwetu ziwani. Aliacha kunitania kuhusu kazi yangu, na hilo liliniuma kuliko matani yenyewe.

Mvua zilizofuata, mlinzi akaja kuniita langoni. Dada alikuwa amesimama pale, mara yake ya kwanza kufika, amevaa nguo ya kanisani na kukumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia, kifuniko kimetobolewa kwa msumari na kufungwa kwa vitambaa. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa.

"Walitaka kumponda," akasema. "Nikamfunika na karai, nikakaa juu yake mpaka wakaniskiza. Huyu ako na kichwa." Akaninyooshea mkebe. "Sasa mtafute dawa."

Sisi pale hatukutengeneza dawa. Tulitambua wanyama, tukaandika majina yao, tukajaza spiriti. Niliushika mkebe kwa mikono miwili, na ndani kitu kikasogea. Yeye hakuuachilia. Aliushikilia kwa vidole vinne vya mkono wake wa kulia, akanikazia macho, akingoja niseme ndiyo.

Nikasema ndiyo.