Mgongo wa Mama Mlangoni

Sipatani na kaka yangu, na sitaki mtu anipatanishe naye. Watu wa ukoo wamejaribu. Wamekuja chumbani kwangu Somanda na maneno yao ya damu moja na tumbo moja, wamekunywa chai yangu, wameondoka. Naandika haya ili wajue kwa nini chai ile haikuwa na sukari.

Tulizaliwa wawili tu kwa mama, mayu kwa Kisukuma chetu, kijijini Mwamapalala, kaka akinitangulia miaka sita. Baba alifariki tukiwa watu wazima. Mimi niliolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani na begi moja. Kaka hakusema neno siku niliyorudi. Lakini tangu hapo, ng'ombe akiharisha, pamba ikiliwa na wadudu, macho yake yalikuja kwangu kwanza. Mwanamke aliyeachika ana mkosi, ndivyo alivyoamini, na hakuhitaji kusema. Nikaona heri nihame. Nikapanga chumba Somanda, mjini Bariadi, karibu na njia ya hospitali, nikatafuta kazi machimboni.

Na yeye alikuwa huko huko. Alikuwa ameachana na pamba, ananunua mawe na changarawe kwa wachimbaji, anasagisha kwenye karasha, kisha anaosha unga wake mwaloni, pale kwenye madimbwi ambapo kila mtu ana ubao wake uliotandikwa magunia ya kunasa dhahabu. Alihitaji mtu wa kukamata, mtu asiyeiba. Hakunipenda ila aliniamini. Mimi sikumpenda ila nilihitaji kula. Ndugu wengi wanaishi hivyo na wanaitwa familia.

Kukamata ni kazi ya zebaki. Magunia yakishakung'utwa, unabaki na mchanga mweusi mzito chini ya beseni, na dhahabu imo humo lakini huioni. Unamimina zebaki kidogo, kiasi cha kifuniko cha dawa ya kikohozi, unatia maji na chembe za sabuni ya unga, halafu unasugua kwa kiganja. Unasugua mpaka bega linalalamika. Zebaki inapita kwenye mchanga, inaokota dhahabu na kuacha vingine. Ukimwaga mchanga inabaki tope jeupe linalong'aa, unaliweka kwenye kipande cha khanga, unalisokota na kulikamua. Zebaki ya ziada inatoka kwenye nyuzi, unaikinga irudi chupani. Ndani ya kitambaa kinabaki kidonge cheupe, kigumu, kizito kuliko kinavyoonekana. Hicho ndicho kinachochomwa, na kikichomwa zebaki inaondoka na dhahabu inabaki.

Nilifanya hivyo miaka minne kwa mikono mitupu. Nilikuwa hodari. Walioosha jirani walikuja kuniangalia nikikamua, na mimi nilijidai.

Wenzetu walichomea palepale mwaloni, kwenye jiko la mkaa, upepo ukipiga. Kaka hakutaka. Alikuwa ameenda Kimali kwa mganga, akarudi na masharti. Dhahabu ina moshi wake, aliambiwa, na moshi ukitoka nje, dhahabu yako iliyobaki ardhini itaufuata na kukukimbia. Kwa hiyo ichomwe ndani, dirisha limezibwa. Na mlango usifungwe kwa komeo, kwa kuwa komeo halimjui mtu. Ufungwe kwa mgongo wa aliyekuzaa.

Nilipoambiwa nilicheka. Sikukataa. Hilo naliandika mwenyewe kabla hajaliandika mtu mwingine.

Basi kila nilipomkabidhi kidonge, alikitia mfukoni, akapanda bodaboda mpaka Mwamapalala. Jiko la mama lilikuwa kijumba cha udongo pembeni ya nyumba, kina kidirisha kimoja. Kaka alikiziba kwa gunia. Mama aliketi chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa mbao, na kaka alipuliza mkaa. Nilikuwepo mara mbili. Kidonge kilikaa kwenye kifuniko cha kopo, cheupe, kisha kikawa kijivu, kisha kikaanza kuwa cha njano pole pole, na hakuna aliyeuona moshi wowote. Ilichukua nusu saa, pengine zaidi. Muda wote huo mama alikuwa akimsimulia mwanawe habari za baba, jinsi alivyocheza ngoma, jinsi alivyogombana na shemeji zake. Sufuria ya mlenda ilikuwa kando, kwenye mafiga. Vibuyu vya maziwa vilining'inia juu ya vichwa vyetu. Tulipomaliza tukala humo humo.

Sijawahi kumwona mama na furaha ile tangu tumzike baba. Nilimwonea wivu kaka, nasema wazi.

Mwaka wa tatu mikono ya mama ikaanza kutetemeka. Kwanza ilikuwa wakati wa kusukasuka kibuyu cha maziwa, tukasema uzee. Kisha akashindwa kutia uzi kwenye sindano, kisha akawa anamwaga uji njiani kati ya bakuli na mdomo. Fizi zilimvimba na kutoa damu. Alisema kila chakula kina ladha ya sarafu. Mwanamke ambaye kijiji kizima kilimjua kwa utani akawa anajificha wageni wakija, na akikosewa kidogo analia au anarusha kitu. Usiku halali, mchana anasahau jina la mjukuu.

Kaka alinunua kondoo mweusi, akamwita mtu wa kutambika. Hakuponya mtu, ila nyama ililiwa. Ndipo nikamchukua mama kwa nguvu, nikamleta hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kuwa mwanangu. Alimwambia mama anyooshe mikono mbele, akaitazama inavyocheza. Akampa karatasi achore duara. Mama akachora kitu kilichokatikakatika, akakisukuma mbali kwa aibu. Daktari akauliza kwa upole, "Bibi, nyumbani mnachoma dhahabu?"

Mama akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Tunachoma," alisema. "Mimi ndiye ninayefunga mlango."

Daktari aliweka kalamu chini. Akanigeukia mimi akaeleza kwa maneno mepesi kwamba mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, kwamba unaingia kwa pumzi na kukaa kwenye ubongo na figo, kwamba unashika kwenye kuta, kwenye paa, kwenye vyombo, na unaendelea kutoka kila moto ukiwashwa. Alisema watapima mkojo na watampa rufaa, lakini dawa ya kwanza haipo kwenye dirisha la dawa. "Mtoe kwenye nyumba hiyo. Asirudi kwenye huo moshi hata siku moja." Kisha akatazama mikono yangu, akauliza mimi nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza nyanya.

Nilitoka pale nina hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Maofisa wa madini walikuwa wamewahi kuja mwaloni, wakatuonyesha chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba la kurudisha zebaki kwenye maji. Wakasema choma humu, na nje. Tulikubali kwa vichwa, tulipopewa soda tukanywa, na walipoondoka tukasema kitu kile kinachelewesha kazi. Kaka ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama alikataa katakata kulala kwangu, nikamrudisha Mwamapalala, nikampigia kaka simu kumweleza. Akasema nimerogwa na watu wa mjini. Siku hiyo hiyo nikamwambia mimi sikamui tena. Kesho yake alikuwa amepata mwanamke mwingine wa kukamua. Sikudhani ingekuwa rahisi hivyo kunibadilisha.

Jumamosi, saa sita mchana, nikaenda Mwamapalala kumchukua mama. Kaka alikuwa ametangulia. Gunia lilikuwa tayari kwenye kidirisha, mkaa unawaka, na kupitia mlango ulioachwa nusu wazi niliona mama akijikunja taratibu aketi mahali pake.

"Kaka, toa huo moto nje," nilisema.

"Mwadila," alinijibu. Alikuwa ananifundisha adabu ya kusalimia.

"Mwadila. Toa moto nje. Daktari amesema moshi ndio unaomuua."

"Mayu haumwi moshi." Hakunitazama, alikuwa anapuliza. "Mayu anaumwa wewe. Umeacha mji wako, ukaja kutuachia mkosi wako hapa. Kabla hujarudi mikono yake ilikuwa imetulia."

Wapo watu wanaojua kujibu maneno kama hayo. Mimi nilifuata panga. Panga lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa zizi. Bawaba za mlango ule zilikuwa vipande vya tairi vilivyopigiliwa misumari, nikazikata, cha juu na cha chini, nikauvuta mlango wote na kuutupa uani. Kuku walikimbia. Majirani wakaanza kusimama kwenye michongoma, wakitazama binti wa marehemu anavyobomoa nyumba ya mama yake mchana.

Mwanga ukaingia jikoni mpaka kwenye mafiga. Nikadhani nimeshinda.

Mama akainuka kwa kushika ukuta. Akafungua khanga aliyojifunga kiunoni, akabaki na gauni lake, akaja kusimama pale mlango ulipokuwa. Akainua khanga kwa mikono miwili, akaitandaza kutoka mwimo mmoja hadi mwingine. Kitambaa chote kilikuwa kinatetemeka, na hapakuwa na upepo.

"Choma, ng'wana wane," alimwambia kaka bila kugeuka, akimwita mwanangu. "Nimefunga."

Na yeye akaweka kile kidonge kwenye kifuniko cha kopo. Hilo ndilo nisilomsamehe. Imani nayajua masharti yake, umaskini naujua, hata ujinga naujua kwa sababu nilikuwa nao. Lakini alimwona mama yetu ameinua mikono ile, akainama kupuliza mkaa.

Nilipita chini ya mkono wa mama, nikapiga teke jiko la mkaa. Mkaa ukasambaa, kopo likaruka, kidonge kikapotelea kwenye majivu. Kaka alipiga yowe ambalo hakulipiga kwenye msiba wa baba. Akapiga magoti, akaanza kupekua majivu ya moto kwa vidole. Na mama akaiachia khanga, akajishusha chini mzima mzima, akapiga magoti karibu naye, akawa anapekua vilevile. Vidole vyake havikuweza kushika hata kipande cha mkaa. Aliendelea tu kuvipeleka.

Nilimshika mabegani kumwinua. Akanitoa mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mayu, utaungua. Yule anakuua."

"Yule anakuja," alisema. Alikuwa analia, pua imejaa jivu. "Tangu baba yenu atutoke, ni nani anayekuja kukaa na mimi? Yeye anakuja, anakaa, ananisikiliza mpaka kiive. Wewe ukija unakuja na magomvi."

Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga wamesema, na sisi wawili tulichuma kwa ushirika. Niliokota khanga yake, nikamfunga kiunoni yeye akinipiga mikononi, nikamvuta hadi barabarani. Majirani walipisha njia. Mmoja wao alitema mate. Nilimkalisha kwenye bodaboda kati yangu na dereva, nikamzungushia mikono ili asiruke, na njia nzima mpaka Bariadi alikuwa akimwambia dereva kwamba ametekwa na mtu asiyemjua.

Huu ni mwezi wa kumi na moja yupo chumbani kwangu. Kipimo cha mkojo kilionyesha tulichokijua. Fizi zimepona, usiku analala kidogo, mikono imepungua kutetemeka lakini daktari amesema haitarudi ilivyokuwa. Mimi sijapima, naogopa. Kaka anachoma mahali pengine, na mwingine anamfungia mlango, sijui ni nani na sitaki kujua. Hajaja kumwona mama hata mara moja. Ameuambia ukoo kwamba nimemfungia mama ndani.

Kila bodaboda ikipunguza mwendo nje, mama anageuza uso dirishani. Ikipita, anarudisha uso ukutani. Nimejaribu kukaa naye. Naleta kigoda, namwuliza habari za baba, ngoma alizocheza, ugomvi wake na shemeji zake. Ananiambia amesahau. Lakini juzi nilirudi na maji nikamsikia anamsimulia mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke wa dukani asiyejua hata neno moja la Kisukuma, habari zote hizo, na kucheka. Nilisimama uani na ndoo mpaka alipomaliza, kwa sababu nilijua nikiingia atanyamaza.

Asubuhi namlisha uji kwa kijiko. Ananiamkia kama mgeni anavyomwamkia mwenye nyumba, anafungua mdomo, anameza, anasema wabeja, asante. Ataishi. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye moshi, na tangu siku ile hajaniita mwanangu.